Harufu ya Embe

Siku ya tisa ya Ramadhani, saa nane mchana, Bi Mwanatabu alimfumania mjukuu wake kwenye pipa la maji. Swabra, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amechutama nyuma ya mlango wa bafu, kata mdomoni, maji yakimchuruzika kidevuni mpaka kifuani. Alikunywa kwa pupa, macho ameyafumba, na hakuzisikia kandambili za nyanya yake zikiburutwa kwenye saruji.

"Swabra!"

Kata ikaanguka. "Abee, nyanya."

"Wafanyani?"

"Nasukutua, nyanya. Nataka kutia udhu."

"Udhu wa koo, huo?"

Uani walikuwako wanawake watatu wa vyumba vya kupanga, wakikuna nazi na kuchambua mchicha wa futari. Wote waliinua vichwa. Watoto wao, ambao hata nusu siku hawajapata kufunga, walidakia pale pale: "Kobe! Kobe! Swabra kobe!" Hilo ndilo jina la mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, na hakuna mtoto wa Kisauni anayetaka kuitwa hivyo. Swabra aliinamisha kichwa, akaanza kujikuna nyuma ya goti, pale penye ukurutu uliomwandama tangu utotoni.

"Hii mara ya tatu," alisema Bi Mwanatabu, na hakuisema kwa sauti ya chini. "Usiku wakojoa kitandani, mchana waiba maji. Na saumu wadai wafunga. Wamdanganya nani? Mimi au Mola wako?"

Godoro lenyewe lilikuwa pale pale uani, limeegemezwa ukutani likikauka juani, doa limeelekea kwa watu. Kila mtu alikuwa ameshaliona tangu asubuhi.

Ukimtafuta mtu mbaya katika nyumba hii utachoka bure. Bi Mwanatabu alimpenda Swabra kuliko roho yake. Ndiye aliyemkataza kamba, pweza na mayai kwa kuamini vinachochea ukurutu. Ndiye aliyempaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, na jioni wakati wa kufuturu humjazia bilauri ya pili ya sharubati kabla baba mtu hajapata ya kwanza. Lakini mapenzi yake yalikuwa na masharti, na mtoto wa ukoo wake hasemi uongo. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, mwaka wa kumi sasa. Daktari alikuwa amemruhusu afunge kwa tahadhari, na kila alfajiri alijitoboa kidole kwa mashine yake ndogo, akaisoma nambari, akanuia. Mzee mgonjwa aweza, mtoto mwenye viungo vizima ashindwe?

Alasiri ile alivaa buibui, akaenda chuoni mwenyewe, akamweleza ustadhi mbele ya wanafunzi. Alidhani anamtengeneza mtoto. Tangu siku hiyo Swabra alikalishwa nyuma, kwenye jamvi la wadogo wanaosoma alifu, yeye aliyekwisha kuhitimu juzuu tano.

Barke, mama yake, aliyasikia hayo kutoka kwa wateja. Kila jioni alikaanga viazi karai na bajia kando ya barabara ya Mlaleo, na mteja mmoja, akisubiri chenji, alimwambia kwa sauti ya huruma iliyochanganyika na raha: "Pole, Mama Swabra. Watoto wa siku hizi saumu hawaiwezi."

Barke alirudisha chenji, na hasira alizimeza. Alirudi nyumbani na kumwita mwanawe chumbani.

"Kwani kiu ni kali hivyo, mwanangu?"

"Ni kali, mama. Nikinywa haiishi."

"Kama huiwezi, sema. Mtoto halazimishwi."

Swabra alitikisa kichwa haraka. Angeacha vipi, sasa? Kuacha ni kukubali. "Naiweza, mama. Sitakunywa tena. Wallahi sitakunywa."

Na kweli hakunywa. Hilo ndilo la kuogofya katika kisa hiki. Kwa siku tano mtoto yule aliizuia kiu ambayo mtu mzima angeilia. Adhana ya magharibi ikilia, alikunywa sharubati ya ukwaju bilauri nne, maji jagi zima, uji wa tende, kisha akalala pale pale sebuleni. Usiku alikojoa. Alfajiri aliamka amechoka kuliko alivyolala. Gauni lake la shule likawa linazunguka kiunoni, na ngozi, kwa ukavu, ikapasuka viwikoni na shingoni mpaka ikatoa maji.

"Ni ile dawa yako ya kupaka," Bi Mwanatabu alimwambia Barke. "Tangu umpeleke kwa yule daktari wa ngozi, mtoto akonda. Dawa za hospitali zakausha mwili."

"Mama, dawa nimempaka wiki mbili tu."

"Nami nakwambia yamkausha. Mimi nimelea sita."

Barke alirudi jikoni. Amekaa na mkwewe miaka kumi na mitatu nyumba moja, na alikuwa amejifunza kunyamaza kama watu wanavyojifunza kushona.

Siku ya kumi na nne Swabra alirudi kutoka shule akishikilia kuta. Saa tisa alikuwa amelala kwenye mkeka, anahema haraka haraka kwa kinywa, kifua kinapanda na kushuka utadhani alikimbizwa. Barke alikuwa akimenya viazi. Bi Mwanatabu alimwinamia mtoto.

"Swabra. Njoo ninuse kinywa."

Hiyo ndiyo mizani ya wazee. Kinywa cha aliyefunga kina harufu yake, na nyanya wa pwani huijua. Akimnusa mtoto jioni hujua kama amefunga au ameibia. Swabra alifumbua macho kidogo, akaachama. Bi Mwanatabu alinusa mara moja, akanusa tena, akasimama wima.

"Amekula."

"Amekula nini, mama?" Barke aliuliza.

"Embe. Kinywa chanuka embe lililoiva mpaka likapitiliza. Njoo unuse mwenyewe kama nasema uongo!"

Barke aliacha kisu, akapiga magoti, akanusa. Ni kweli. Pumzi ya mwanawe ilikuwa tamu, nzito, kama tunda lililosahauliwa kapuni. Basi na yeye alikuwa amedanganywa, kwa kiapo cha wallahi?

"Swabra, embe umepata wapi?"

"Sijala, mama."

"Usimwapishe tena, atazidi kujitia dhambini," alisema Bi Mwanatabu.

Barke alifungua mkoba wa shule, akatikisa. Vitabu, kalamu, kitambaa. Akaenda kwenye pipa la taka uani, akapekua kwa mikono mbele ya wapangaji: maganda ya viazi, mabua ya mchicha, nazi zilizokamuliwa. Hakuona kokwa wala ganda la embe. Akauliza jirani mmoja mmoja kama kuna aliyenunua embe leo. Hakuna. Akarudi, akamnusa tena mwanawe, vidole vyake vyenyewe vinanuka taka, na harufu ilikuwa pale pale, sasa kali zaidi. Mtoto hajala embe na ananuka embe. Basi inatoka wapi?

Hapo ndipo alipokumbuka maswali ya Velma.

Velma alikuwa tabibu wa kliniki ya ngozi kule Bamburi, na kabla ya Ramadhani aliitazama mikono ya Swabra, akauliza mambo ambayo Barke aliyaona ya ajabu. Nyumbani kuna mwenye pumu? Kuna mwenye sukari? Wewe, mama, mbona una kovu shingoni? Barke alijibu kwamba alikuwa na tezi ya shingo iliyoharibika, akapasuliwa, na sasa anameza kidonge kila siku. Na sukari anayo mkwewe, lakini ile ya uzee. Velma aliandika, kisha akasema, kama mtu asemaye jambo la pembeni: "Watoto wa nyumba kama hii tunawatazama kwa makini. Ukimwona anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, usikae naye nyumbani." Barke aliitikia ndiyo, akatoka na dawa yake ya kupaka, na maneno yale akayasahau mlangoni. Kisha mwezi ukaandama, na mwezi huo nani hana kiu?

"Mama," alisema, "niazime mashine yako ya sukari."

Bi Mwanatabu alimkazia macho. "Ya nini?"

"Nimpime Swabra."

"Mtoto? Sukari?" Mzee alicheka kicheko kikavu. Sukari aliijua kama aijuavyo nyumba yake: ugonjwa wa watu wazima, wa wenye miili, wa waliokula vitamu miaka hamsini. "Umtazame alivyo kama ufito. Na vijikaratasi vya kupimia vimesalia vitatu, vya kunifikisha Ijumaa. Muache alale. Akifuturu ataamka."

"Mama, anahema vibaya."

"Ni jua. Mpigie mumeo basi, kama mimi sisikizwi."

Barke alipiga. Riyadh alikuwa mpishi wa hoteli moja Shanzu, na nyuma ya sauti yake masufuria yaligongana.

"Baba Swabra, njoo. Mtoto hali yake si nzuri."

"Nina futari ya wageni mia mbili hapa. Ana nini?"

"Nadhani ana sukari."

Masufuria yaligongana tena. "Mama yuko hapo? Hebu nipe mama."

Neno hilo lilimchoma Barke kuliko tusi. Alimpa mama mtu simu, akasimama kando akisikia mwanawe akijadiliwa. "Ni uchovu wa saumu, mwanangu... La, hana homa... Amekula embe, sasa aona haya... Imebaki saa mbili na nusu tu." Simu ikarudi mkononi mwake.

"Mama Swabra, ngoja magharibi," alisema Riyadh. "Usinigombanishe na mama yangu mwezi huu."

Simu ikakatika. Mkekani Swabra alitapika, na hakukuwa na cha kutapika ila maji machache. Barke aliyatazama. Kisha akainuka, akaingia chumba cha mkwewe bila kubisha hodi, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu aolewe, akafungua mtoto wa meza na kutwaa kijaluba cheusi cha mashine.

"Barke! Wanivunjia heshima ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama," alisema Barke. "Utanisamehe au hutanisamehe."

Alimtoboa Swabra kidole. Damu ilikuwa nzito, ikabidi akamue. Mashine ilihesabu, kisha haikutoa nambari. Ilitoa herufi mbili tu. Barke aliitikisa, akadhani imeharibika. Akachukua kijikaratasi cha pili, akajitoboa mwenyewe: tano nukta tatu. Mashine nzima. Akachukua cha tatu na cha mwisho, akamrudia mtoto. Herufi mbili zile zile.

"Mama, hii maana yake nini?"

Bi Mwanatabu aliipokea kwa hasira, akaisogeza machoni, na hasira ikamtoka mwilini kama maji. Siku alipokabidhiwa mashine, muuguzi alimfundisha: ikiandika hivi, usijisumbue kupima tena, kimbia hospitali, maana sukari imepita pale mashine inapoweza kuhesabu. Miaka kumi hajapata kuziona herufi hizo. Akakaa kitako sakafuni.

"Yangu haikupata kufika hapa," alisema. "Mchukue. Mchukue, Barke, kimbia!"

Kitsao, jirani wa chumba cha mbele, alikuwa akiosha tuktuk yake. Hakuuliza nauli wala hakuuliza kuna nini, aliwasha. Waliifikia kliniki ya karibu, wakakuta mlango umefungwa kwa sababu ya mfungo. Wakaenda nyingine, na muuguzi aliyemtazama Swabra mlangoni alisema maneno mawili: "Vuka daraja." Hospitali kubwa iko ng'ambo, kisiwani.

Lakini Mombasa nzima jioni ya Ramadhani huvuka daraja la Nyali, kila mtu anawahi futari kwake. Magari yalisimama. Kitsao alipenya, akapanda ukingo wa barabara, akatukanwa kwa lugha tatu. Barke alimpakata Swabra kifuani na kumwita jina kila mara ili asizame usingizini. Alikuwa amechukua chupa ya maji. Alimgusisha midomoni.

Swabra aliuma meno. "Leo sikunywa, mama," alisema kwa sauti ya mbali. "Wallahi leo sikunywa."

"Najua, mwanangu. Kunywa."

"Bado adhana."

Adhana ililia wakiwa katikati ya daraja. Vijana wa msikiti, kama desturi yao, walipita kati ya magari wakigawa tende na maji madirishani, na mmoja aliinamia tuktuk kwa furaha: "Futurini, mama!" Barke alimtikisa mwanawe. Akamtikisa tena. Adhana ilikwisha kulia, maji yapo, tende zipo, na Swabra hakuamka.

"Kitsao!" Barke alipiga yowe.

"Nakwenda, mama, nakwenda!" alisema Kitsao, naye analia huku anaendesha.

Hospitalini, siku mbili mtoto alikuwa na mpira wa maji ya dripu kila mkono. Riyadh alifika usiku ule na aproni yake ya kazi, hajaivua, akasimama miguuni pa kitanda bila kumtazama mkewe machoni. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alimletea Barke chai, akamshikia kikombe mpaka akaimaliza, na Barke alimwacha afanye hivyo. Mengine watayasema wakifika kwao.

Siku ya tatu daktari wa watoto, Nadira, aliwaita wote watatu pembeni. Bi Mwanatabu alikuja na mkongojo, ambao kabla ya siku hizo hakuwa akiutumia.

"Ile harufu si ya tunda," alisema daktari. "Mwili ukishindwa kutumia sukari, huchoma mafuta yake wenyewe. Moshi wake ndio huo, unatokea kinywani. Wengi huunusa, wachache huuelewa."

"Lakini sukari ni yangu mimi," alisema Bi Mwanatabu. "Nimemwambukiza?"

"Hapana, nyanya. Yako ni nyingine. Ya Swabra ni kazi ya askari wa mwili. Kila mwili una askari wa kupigana na maradhi. Wa Swabra wamekosea adui. Wameingia kwenye kongosho, wameua sehemu inayotengeneza insulini. Na mama yake, tezi ya shingo iliharibiwa hivyo hivyo."

"Na ukurutu?" aliuliza Barke.

"Nao ni askari wenye hasira, ila wa kikosi kingine, wale hupigana na vumbi na sabuni. Sisemi ukurutu umeleta sukari. Watoto wengi wana ukurutu na hawapati sukari maisha yao. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Ila magonjwa haya ya askari hupenda kuonekana nyumba moja, ndiyo maana tunauliza maswali."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona Bi Mwanatabu.

"Chake kimo ndani zaidi ya nguo, nyanya."

Riyadh alikohoa. "Ni saumu iliyomfanya hivi?"

"Saumu haikuleta ugonjwa. Iliuficha. Alikonda, mkasema anafunga. Alikuwa na kiu, mkasema anafunga."

"Na sharubati?" aliuliza Bi Mwanatabu. "Nikimpa mimi. Kila siku bilauri ya ziada. Nikimhurumia."

Daktari angeweza kudanganya. "Haikuleta ugonjwa, nyanya. Ilimzidishia."

"Itaisha lini?" aliuliza Riyadh.

"Haiishi. Ni sindano kila siku, mpaka uzeeni. Lakini uzee ataufikia. Mngengoja futari, asingeufikia."

Saa ya wodi ilionyesha saa nane na robo mchana.

Swabra alikuwa ameegemea mto, macho makubwa katika uso uliopungua. Muuguzi alikuwa amemjazia kikombe cha maji, akamwambia anywe, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimejaa, na midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka. Alitazama dirishani, jua liko wapi. Kisha akamwona nyanya yake mlangoni, akakisukuma kikombe haraka chini ya shuka, na maji yakamwagika nusu.

"Shikamoo, nyanya. Sikunywa."

Bi Mwanatabu alikwenda mpaka kitandani. Alikitoa kikombe kwa mkono wake, akakijaza upya kutoka kwenye chupa, akamnyooshea. Swabra hakukipokea.

"Kunywa, mjukuu wangu."

"Utamwambia ustadhi?"

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na kila kitanda kilikuwa na mama mmoja anayesikiliza. Bi Mwanatabu aliwatazama, akaona wanatazama. Kisha mzee yule, aliyewaombesha radhi watoto sita na wajukuu kumi na mmoja na yeye hajapata kumwomba radhi yeyote aliye mdogo kwake, aliuacha mkongojo ukaanguka, akapiga magoti sakafuni.

"Nilikusingizia uongo," alisema, na hakusema kwa sauti ya chini. "Nilikusema nyumbani, nikakusema chuoni. Hukuwa mwizi, mwanangu. Ulikuwa mgonjwa. Nitakwenda kwa ustadhi kwa miguu yangu, nikamwambie mbele ya wale wale. Niwie radhi, Swabra."

Swabra alimtazama mama yake, kisha baba yake. Hakuna mtoto aliyefundishwa jibu la ombi kama lile. Mkono wake ulitoka polepole chini ya shuka, ukakipokea kikombe, na alikunywa huku akimtazama nyanya yake juu ya ukingo wake, mpaka tone la mwisho, jua likiwaka dirishani.

Kisha akaomba kingine, na safari hii aliomba kwa sauti.